Mkopo wa mlango usio wako

Chukua kinyozi aliyepanga fremu katika jengo kuukuu la San Francisco. Mlangoni kuna ngazi moja tu, ya urefu wa kiganja. Anayetembea kwa miguu haioni. Aliye kwenye kiti cha magurudumu anaishia hapo hapo, kama aliyefika ukutani. Sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, ADA, iliyotiwa saini Julai 26, 1990, inataka kikwazo cha namna hiyo kiondolewe pale inapowezekana bila ugumu na gharama kubwa. Sheria ya jimbo la California ni kali zaidi: mteja aliyezuiwa anaweza kudai fidia isiyopungua dola 4,000 kwa kila tukio, ukiacha gharama za mawakili. Kwa biashara ya kinyozi hiyo ni pigo kubwa.

Jimbo liliona pigo hilo, na kwa sheria ya mwaka 2015 likaanzisha mpango wa mikopo uitwao CalCAP/ADA, likautengea dola milioni 10 ili wafanyabiashara wadogo waweze kukopa hadi dola 50,000 za kujenga mteremko, kupanua mlango au kurekebisha choo. Mpango huo una pacha wake wa kuimarisha majengo dhidi ya tetemeko la ardhi. Wengi wakisikia mpango huu ni wa serikali hudhani hazina ndiyo inayokopesha. Sivyo. Anayekopesha ni benki. Serikali inaweka fedha katika akiba ya hasara, na mkopaji akishindwa kurejesha, benki inajifidia humo. Anayekingwa kwanza, basi, ni benki. Kinyozi anabaki na deni lake lote.

Wanaoutetea mpango huu wana hesabu nzuri. Dola milioni 10 zikigawiwa kama ruzuku ya dola 50,000 kila mmoja, zinakwisha kwa maduka 200. Zikiwekwa kama akiba ya, tuseme, sehemu ya kumi ya kila mkopo, zinabeba mikopo 2,000. Isitoshe, zinaifungulia mlango wa benki biashara ambayo kwa kawaida ingeambiwa haina dhamana ya kutosha.

Kwangu mimi hoja yenye uzito zaidi ni ya muda. Katika jiji hilo hilo, Aprili 1977, watu wenye ulemavu waliingia katika jengo la serikali kuu wakakaa humo kwa wiki kadhaa, wakidai kanuni za kutekeleza kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachokataza kuwabagua watu wenye ulemavu katika shughuli zinazopata fedha za serikali kuu. Miaka minne sheria ilikuwepo kwenye karatasi bila kanuni za kuitekeleza. Watu hawa wamekwisha kusubiri vya kutosha. Mkopo, kwa udhaifu wake wote, unasema: jenga leo, lipa polepole.

Hata hivyo mkopo wa biashara hulipwa na kile ulichokinunua. Kinyozi akikopa anunue kiti cha pili cha kunyolea, kiti kile kinafanya kazi na kurudisha fedha. Mteremko nao huleta wateja, mzee mwenye mkongojo na mama mwenye kigari cha mtoto wakiwemo, ila huwaleta taratibu, na marejesho ya benki hayangoji. Kuna nafuu ya kodi ya serikali kuu, inayorudisha nusu ya gharama hadi dola 5,000 kwa mwaka, lakini humfaa aliyepata faida akatozwa kodi. Duka linalochechemea halina kodi ya kupunguziwa.

Kibaya zaidi, mlango si wake. ADA inawawajibisha wote wawili, mpangaji na mwenye jengo, mbele ya mteja aliyezuiwa. Nani atoe fedha mfukoni ni jambo la mkataba wao, na katika mkataba wa pango mnyonge ndiye anayebebeshwa. Mkataba ukiisha baada ya miaka mitatu, kinyozi anafunga virago na deni lake, mteremko unabaki, na mpangaji ajaye anatozwa kodi ya pango kubwa zaidi kwa sababu jengo limeboreshwa. Sioni haki hapo.

Linganisha na tetemeko. Northridge, kitongoji cha Los Angeles, ilipotikisika Januari 17, 1994, watu 16 walikufa katika jengo moja la nyumba za kupanga, lililowaporomokea waliolala ghorofa ya chini. Kuimarisha jengo la namna hiyo ni kazi ya mwenye mali: ana hati, ana dhamana, thamani inabaki mikononi mwake, na anaweza kulipa kwa miaka mingi. Hapo mkopo umekaa mahali pake.

Ndiyo maana ningegawa: ngazi moja ya mpangaji ilipiwe kwa ruzuku, kwa kuwa kazi yenyewe mara nyingi ni ndogo, na mkopo wenye akiba ya serikali aupate mwenye jengo. Wapo watakaosema mwenye jengo ataipenyeza gharama katika kodi ya fremu. Ni kweli, ataweza. Lakini jimbo linaweza kuweka sharti kwamba anayekopa kwa mgongo wa umma ampe mpangaji aliyemo mkataba wa muda mrefu, kodi isipande kwa sababu ya kazi hiyo.

Nafasi ya kulizungumza jambo hili ipo tayari. Tangu Julai 2013, mkataba wa pango la biashara California lazima utaje kama jengo limekaguliwa na mtaalamu aliyeidhinishwa wa ufikivu, yaani wa kupima kama watu wenye ulemavu wanaweza kuingia na kulitumia. Kinyozi akisoma kwamba halijakaguliwa, fremu bado si yake na kalamu bado iko mkononi. Hiyo ndiyo siku ya kuuliza nani atalipia ile ngazi, kabla ya benki na kabla ya wakili.