Ukienda Misheni Ethiopia, Kaa Hadi Kahawa ya Tatu

Wapendwa wengi vyuoni, uwe kwenye umoja wa wanafunzi Wakristo wa UKWATA, CASFETA au TAFES, tukisikia safari ya misheni nje ya nchi tunaanza na ratiba. Nani atahubiri, nani ataongoza sifa, igizo litakuwa lipi. Michango inakusanywa, watu wanafunga na kuomba, na siku ya safari kila mmoja ana somo lake la kwenda kufundisha. Nilikwenda Ethiopia na kundi la namna hiyo, nikarudi na msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: mwanafunzi akiingia nchi ya watu kwa jina la Yesu, kwanza apokelewe, ale anachopewa, asikilize. Kuhubiri kutafuata.

Maana Ethiopia tunakwenda kumwambia nani nini? Mfalme Ezana wa Aksum, dola ya kale ya Ethiopia, alipokea Ukristo karne ya 4. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla ya hapo alikuwa ametumika Ethiopia miaka kadhaa. Alipofungiwa mlango huko ndipo akaja pwani yetu. Hata walokole wa kule hawakupata imani yao kwa urahisi. Mekane Yesus, Walutheri wenzao wa KKKT, walianzisha kanisa lao rasmi mwaka 1959. Ulipokuja utawala wa kijeshi wa Derg, makanisa mengi yalifungwa na watu wakaabudu majumbani kwa siri. Katibu mkuu wao, Gudina Tumsa, alitekwa na kuuawa mwaka 1979. Wenyeji wetu ni watoto na wajukuu wa kizazi hicho. Kijana wa mwaka wa pili anayewafundisha kusimama katika imani angetangulia kuwauliza wao walisimamaje.

Katika mji wa Hawassa, kusini mwa Ethiopia, tulialikwa nyumbani kwa mama mmoja mlokole, siku ya Ijumaa. Waorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima: hakuna nyama, maziwa wala mayai. Mama yule hafungi hivyo, lakini alipika shiro, uji mzito wa unga wa dengu wenye viungo, kwa sababu jirani yake Mworthodoksi alikuwa anakuja kutusalimia na hakutaka akae mezani bila kula. Jirani alipofika, akakata kipande cha injera, mkate wao mwembamba mlaini, akakikunja na shiro ndani, akamlisha kila mmoja wetu mdomoni kwa mkono wake. Ndiyo gursha, na haikataliwi. Binti mmoja wa kundi letu, aliyefiwa na mama yake mwaka ule, alilia palepale.

Kisha ikaja kahawa. Majani mabichi yalikuwa yametandazwa sakafuni, ubani unafuka. Mama akakaanga buni mbele yetu, akapitisha kikaango ili kila mtu auvute moshi wake, akatwanga, akachemsha kwenye jebena, birika lao la udongo. Kahawa ile hunywewa duru tatu: abol, tona, kisha bereka, ambayo ndiyo baraka. Baada ya duru ya kwanza kiongozi wetu alikuwa anaangalia saa, kwani tulitakiwa kwenda nyumba kwa nyumba. (Saa zenyewe wanahesabu kama sisi, kuanzia alfajiri, raha iliyoje.) Wenyeji wakasihi tukae. Katika duru ya tatu jirani yule akauliza, kupitia mkalimani, kwa nini tumeacha masomo kuja huku. Yule binti akatoa ushuhuda wake wote, bila haraka, na hakuna aliyemkatisha. Jirani akasimama, akamwekea mkono kichwani, akamwombea kwa Kiamhari. Jioni hiyo nyumba kwa nyumba haikufanyika, na sioni tulichopoteza.

Sisemi injili isihubiriwe. Naiamini kwa moyo wote. Ninachokipinga ni kuwatazama Waorthodoksi waliojitanda shuka nyeupe wakibusu ukuta wa kanisa alfajiri, kisha kwenye basi tukaamua kwamba wao wana dini tu na sisi ndio wenye wokovu. Watu hao hufunga siku 55 kabla ya Pasaka yao. Mtu asiyewahi kukaa nao meza moja hana haki ya kuwapima.

Kwa hiyo viongozi mnaopanga safari ya likizo ijayo, nawaomba. Wanafunzi walale majumbani kwa wenyeji, si hosteli peke yao. Ulizeni kanisa linalowapokea siku za mfungo kabla ya kupanga chakula. Jifunzeni salamu za Kiamhari, na za Kisidama kama mnakwenda Hawassa, mkiwa bado Tanzania. Na siku mbili za mwanzo msiweke kipindi chochote cha kufundisha. Mkialikwa kahawa, nendeni wote, pamoja na kiongozi wenu.