Linux Yachezeshwa Simba na Yanga

Kwenye kundi letu la watumiaji wa Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta) hapa Dar, kazi ya kutafuta ukumbi ni yangu. Mwenye baa mmoja wa Sinza alinipa ukumbi wake wa juu bila hata senti tano, tena na projekta. Sharti lake lilikuwa moja tu: tuwe tumemaliza kabla ya saa kumi na moja jioni, maana siku hiyo Simba na Yanga wanakutana. Nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi.

Mkutano ulikuwa wa saa nane. Hadi saa tisa walikuwa wamefika wale wale wa siku zote, ambao Linux wanaijua tangu enzi zile Ubuntu, mojawapo ya aina zake, inatumwa kwa posta kwenye sidii za bure, na hawahitaji kushawishiwa na mtu. Wageni hasa, ambao ndio tuliwaandalia mada ya "Linux Haina Usumbufu", walikuwa foleni, au ndivyo walivyoandika WhatsApp. Mtu wa Dar akikwambia "niko Ubungo", ujue bado anatafuta soksi.

Saa tisa na nusu ukumbi ukaanza kujaa. Nilifurahi sana, mpaka nilipoona vuvuzela. Kumbe ni mashabiki wamewahi viti. Wekundu wakakaa kushoto, njano na kijani kulia, katikati tukabaki sisi na bango letu la pengwini, nembo ya Linux.

Mtoa mada wetu anaijua Debian, aina nyingine ya Linux, kuliko anavyowajua shemeji zake, ila mpira hana habari nao. Siku hiyo alitinga fulana nyekundu. Upande wa kulia ukamzomea hata hajasema "habari za mchana". Yeye akadhani wanapinga programu huru, akaanza kuwaelewesha: Stallman mwasisi wa programu huru, mwaka 1983, mradi wake wa GNU, haki ya kila mtu kuisoma programu na kuibadilisha.

"Huyo Stallman anacheza namba ngapi?" mzee mmoja akauliza, tena kwa dhati kabisa.

Ili kuwatuliza, akaamua kuwasha kompyuta wajionee kwa macho. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yaliponoga, inategemea ulikaa wapi.

Watu wengi wa Linux kompyuta zao zikiwaka huonyesha picha nzuri tu. Yeye picha hapendi. Kwake kila huduma inayoamka inaandika mstari wake kwenye skrini, na ikiamka salama inawekewa OK ya kijani. OK ya kwanza ilipotokea, mtu mmoja upande wa kulia akasema taratibu, "Moja." Ikaja nyingine. "Mbili!" Ilipofika ya kumi hivi, Yanga wote wamesimama, vuvuzela linalia, na mama wa mishikaki kapanda ngazi mbio kuuliza nani kafunga.

Ghafla kompyuta ikaganda. Jamaa alikuwa ameiagiza ifungue diski ya nje kila inapowaka, na diski yenyewe kaiacha nyumbani Mbagala. Sasa systemd, ile programu inayoziamsha huduma zote, ikikosa diski ya namna hiyo huisubiri dakika moja na nusu, na muda wote huo huchezesha vinyota vyekundu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, huku sekunde zinahesabiwa pembeni. Simba wakainuka. "Pasi hizo! Pasi hizo!" Sekunde ya tisini ukadondoka mstari wenye neno TIME, jekundu. Nilimwagiwa soda mgongoni, na hadi leo sijui ni ya nani.

Hawajamaliza kukumbatiana, chini yake ikaja DEPEND ya njano. Kwa fundi, maana yake ni kwamba hii imeshindwa kwa sababu ile iliyotangulia imeshindwa. Kwa Yanga, njano ni njano. "Tumesawazisha!" Simba wakadai mfungaji ameotea. Mtoa mada, masikini, akashika maiki akatoa hukumu ya kitaalamu: "Ndugu zangu, hili si bao. Hili ni kosa."

"Refa kahongwa! Oneni fulana yake!"

Kuanzia hapo hakusikika tena. Kompyuta ikaingia hali ya dharura, ikaomba nywila ya root, yaani msimamizi mkuu. Akaandika, na kama kawaida ya Linux hata kinyota kimoja hakikuonekana, ukumbi mzima ukamwambia kibodi imekufa. Mwenye baa akaja, akachomoa waya, akachomeka king'amuzi.

Fomu ya mahudhurio tulikuwa tumeshaizungusha mapema, na ilirudi imejaa mbele na nyuma, jambo ambalo halijawahi kututokea. Ina safu moja imeandikwa "Mfumo unaotumia". Wengi walijaza "4-3-3". Mmoja aliandika "3-5-2, ila kocha haelewi".

Katibu wetu ni mtu wa kanuni, jibu la mtu hafuti. Kwenye taarifa ya mwezi ule 4-3-3 inaongoza, 4-4-2 inafuata, Ubuntu ni ya tatu, na Debian inashika mkia.