Mahamri yapo, mbaazi ziko wapi?

Mwandishi wa makala ya lishe ya wazee anasema wazee waache kutegemea vidonge vya vitamini, warudi kwenye chakula halisi. Sawa, ila amesahau kwamba mzee mwenyewe mara nyingi hali chakula. Mamangu ana miaka 78, tunaishi naye Majengo. Mwaka jana alikuwa akishinda na chai na hamri, eti hana hamu, nasi twamnunulia chupa ya vidonge kila mwezi. Kumbe ni meno! Nyama haitafuniki, naye aliona haya kusema.

Sasa asubuhi ni mbaazi za nazi zilizoiva hadi kupondeka, na hamri moja tu (hapo hatujaafikiana bado). Mchana ni dagaa wa soko la Kongowea, Mombasa: nawaosha mchanga mara tatu, nawakausha kikaangoni bila mafuta, kisha nawatwanga na mifupa yao. Unga ule naunyunyiza juu ya mchicha, akapata protini na kalsiamu kwa mpigo. Mzee anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na chai haina hiyo. Maji twamkumbusha, maana uzeeni kiu hupungua.

Lakini vidonge visitukanwe vyote. Tumbo la mzee mara nyingi hupunguza asidi, vitamini B12 ya kwenye samaki na nyama isifyonzwe vizuri, na wanaomeza metformini, dawa ya kisukari, ndio zaidi. Hao wapimwe damu, huenda kidonge cha B12 kikawafaa. Mwenye figo mbovu naye amuulize daktari kabla ya kuongeza dagaa.