Niachieni nyekundu yangu

Juzi kijana mmoja ninayefanya naye kazi hapa Chake Chake alichungulia skrini yangu akacheka. "Kaka, prompti nyekundu ya nini hiyo? Mapambo ya Idi?" Prompti ni yale maandishi mafupi ambayo kompyuta huyatanguliza kabla hujaandika amri; yangu nimeipaka nyekundu ninapokuwa root, yaani mkuu wa mfumo mwenye ruhusa zote. Nilimjibu kwa adabu. Hapa adabu naiweka pembeni.

Mapambo! Usiku mmoja nilikuwa nasafisha kompyuta ya mpiga picha za harusi. Nikaingia na `sudo -i`, amri inayokugeuza root, nikafanya mawili matatu, nikatoka kunywa kahawa barazani. Kahawa ya baraza mnaijua, haina kikombe kimoja. Niliporudi nilikuwa nishasahau kwamba bado ni root: herufi nyeupe, skrini nyeusi, kama siku zote. Nikapiga `rm -rf`, amri ya kufuta bila kuuliza, kwenye folda siyo. Ningekuwa mtumiaji wa kawaida ningeambiwa sina ruhusa, nikakuna kichwa, yakaisha. Root haulizwi wala hakatazwi. Harusi tatu zikapotea, na bi harusi mmoja hadi leo akiniona sokoni huvuka barabara.

Mtasema alama ipo: dola (`$`) kwa mtu wa kawaida, reli (`#`) kwa root. Ipo, ndiyo, herufi moja mwishoni mwa mstari, saa sita za usiku! Bibi yangu kule Wete alikuwa na madumu mawili pacha, la maji na la mafuta ya taa. La mafuta liliandikwa vizuri tu. Hata hivyo alilifunga kitambaa chekundu shingoni, maana umeme ukikatika nani anasoma?

Kinachoniudhi zaidi ni Debian, mmoja wa mifumo ya Linux. Kwenye terminali nyingi za leo humpa prompti ya kijani mtumiaji wa kawaida, asiyeweza kudhuru mfumo, halafu root mwenye panga humwacha hivihivi. Hongera zao.

Dawa ni mstari mmoja ndani ya `/root/.bashrc`, faili la mipangilio ya root:

`PS1='\[\e[31m\]\u@\h:\w\$\[\e[0m\] '`

Hivyo `\[` na `\]` msivitupe. Bila hivyo bash, programu inayopokea amri zako, hukosea urefu wa mstari, na amri ndefu ikajiandikia juu yake yenyewe.

Haya, nakubali: anayetanguliza `sudo` kila amri haioni nyekundu hiyo, hata akibomoa nyumba nzima. Na asiyetofautisha nyekundu na kijani aweke 41 badala ya 31, usuli wote wa prompti uwake.

Yule kijana prompti yake bado nyeupe. Nywila ya seva sijampa.