Tarehe 1 Januari inapoamua kesi ya mtoto

Ukipanga mezani hati za familia ya Wakongomani iliyofika Houston, Texas, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, au Kakuma, Kenya, mara nyingi utakuta baba kazaliwa tarehe 1 Januari, mama tarehe 1 Januari, na watoto wote tarehe 1 Januari, kila mmoja na mwaka wake. Karani wa uandikishaji aliweka tarehe hiyo pale mzazi alipokosa cheti, na wakati mwingine hata mwaka aliukadiria kwa macho. Shuleni jambo hilo ni la kuchekesha tu. Kwenye kituo cha polisi cha Texas si la kuchekesha hata kidogo.

Kwa sheria ya jinai ya Texas, mtoto ni mwenye miaka 10 mpaka 16. Akishatimiza 17, kosa lolote atakalotenda linakwenda mahakama ya watu wazima, awe ameiba viatu dukani au ameua. Hakuna jaji anayekaa kupima ukomavu wake. Kura atangoja 18 na bia 21, lakini mlango wa gereza la kaunti uko wazi. Kinachohesabiwa ni umri wa siku ya tukio, kwa hiyo mwaka mmoja uliokosewa kambini unageuza kesi nzima.

Angalia wanavyoshughulikiwa. Wa miaka 16 akikamatwa, mzazi lazima ajulishwe upesi, na ndani ya siku 2 za kazi jaji aamue kama kijana abaki kizuizini. Akibaki, suala hilo linarudi mbele ya jaji kila baada ya siku 10 za kazi. Hakuna dhamana ya fedha. Maelezo aliyoyaandika hayawi ushahidi mpaka hakimu amweleze haki zake, akae naye bila askari chumbani, aridhike kwamba anaelewa anachokisaini, ndipo asaini. Wa miaka 17 hapati ulinzi huo. Askari halazimiki kupiga simu nyumbani kabla ya kumhoji, na kutoka ndani kwa kawaida ni kwa dhamana ya fedha. Wazazi wetu wengi wanaharibu hapa: wanamwambia mtoto kwenye simu ya gereza, "Sema ukweli wote, mwanangu, yaishe." Simu hizo hurekodiwa, na mwendesha mashtaka anaweza kuzisikiliza.

Aliye chini ya 17 naye hajasalimika. Kuanzia miaka 14 kwa makosa mazito kabisa, na 15 kwa makosa mengine makubwa, jaji wa mahakama ya watoto anaweza kumhamishia mahakama ya wakubwa. Kabla ya kikao, sheria inataka apatiwe wakili, na jaji aletewe uchunguzi kamili wa akili yake, maisha ya nyumbani na mazingira ya kosa. Jaji hupima kama kosa lilikuwa dhidi ya mtu au mali, ukomavu wa kijana, rekodi yake, na kama anaweza kurekebishika bila hatari kwa umma. Vigezo hivi vina mizizi katika kesi ya Kent, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1966. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Tatizo liko kwenye ule uchunguzi. Kijana wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyelelewa kwa Kibembe na Kiswahili cha Kongo anahojiwa kupitia mkalimani wa simu anayesema Kiswahili cha Mombasa. Anajibu kwa maneno mawili, ameinamisha macho kama alivyofundishwa mbele ya mkubwa, na heshima hiyo ni rahisi kuandikwa kuwa hana majuto. Wakili asipojua hili, ripoti inapita kama ilivyo. Mzazi ana haki ya kumwambia wakili aombe mkalimani wa kukaa naye ana kwa ana, anayetoka eneo lile lile, na afanye hivyo kabla ya mahojiano. Ripoti ikishafika kwa jaji, kuifuta ni kazi.

Kwa mhamiaji kuna adhabu ya pili ambayo jaji haitamki. Tangu uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji mwaka 2000, kupatikana na kosa katika mahakama ya watoto hakuhesabiki kuwa hatia ya jinai kwa mambo ya uhamiaji, ingawa afisa anaweza kulitazama akipima mwenendo. Kosa hilo hilo likihukumiwa upande wa watu wazima, ni hatia kamili. Wizi, au shambulio la nguvu, lenye kifungo cha mwaka 1 au zaidi, hata kilichosimamishwa, linaweza kumrudisha kijana mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwenye nchi aliyoondoka akiwa mgongoni. Texas wana mtego mwingine: kijana anakiri, jaji anaahirisha kutamka hatia, anawekwa chini ya uangalizi, na kila mtu mahakamani anamwambia hana hatia. Uhamiaji wanasema anayo. Tangu 2010 wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari ya kufukuzwa nchini, lakini ni lazima kwanza ajue kuwa mteja si raia. Mwambieni siku ya kwanza. Na mzazi mwenye sifa za kuomba uraia asichelewe: akiapa kabla mtoto mwenye grini kadi anayeishi naye hajafika 18, mtoto anakuwa raia papo hapo.

Nyumbani, Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na haina kikao cha kumhamisha kwa sababu kosa ni zito. Kesi ya mauaji inakwenda Mahakama Kuu, lakini mshtakiwa anabaki mtoto, na kifungu cha 119 kinakataza kumhukumu kifungo cha gerezani. Chini ya miaka 10 hashtakiwi kabisa. Kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe kuwa alijua anachokifanya ni kosa. Kenya imepandisha kiwango cha chini kutoka 8 hadi 12 kwa sheria yake ya 2022. Tukilinganisha vitabu tu, Texas inapaswa kuja kusoma kwenye Mahakama ya Watoto ya Kisutu, Dar es Salaam.

Ila vitabu havikai mahabusu. Askari akiandika 18 kwenye hati ya mashtaka, hahitaji kumtafuta afisa ustawi wa jamii wala mahabusu ya watoto, ambazo ziko katika mikoa michache. Dogo anapanda karandinga na watu wazima. Akishtakiwa pamoja na mtu mzima, kesi inatoka Mahakama ya Watoto na kwenda ya kawaida; mjomba na mpwa kwenye hati moja, mpwa ndiye anayepoteza. Umri upingwe siku ya kwanza, kabla ya kujibu shtaka. Mzazi aje na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Asipokuwa nacho, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi, na kiapo chake mwenyewe. Msikubali kesi isimame juu ya picha ya eksirei ya kiganja peke yake, kwani inaweza kukosea kwa mwaka au miwili, na ugomvi wenyewe ni wa mwaka mmoja. Kwa mauaji hakuna dhamana, na kusubiri kikao cha Mahakama Kuu kunaweza kula ujana wote, bila mtu kutamka neno kifungo.

Tena sheria yetu haijui imfanye nini aliyeua kweli. Kanuni ya Adhabu inamwokoa na kitanzi, kisha inamweka kizuizini kwa ridhaa ya Rais, bila tarehe. Kifungu cha namna hiyo Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kinyume cha katiba mwaka 2017. Na mvulana wa miaka 18 au chini anayepatikana na hatia ya kubaka kwa mara ya kwanza, kifungu cha 131 cha Kanuni yetu ya Adhabu kinampa viboko tu. Jaribu kumweleza hilo mama wa binti.

Sitaki tuige kuwahukumu watoto kama watu wazima. Jopo huru la wataalamu linalosaidiwa na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani lilipitia tafiti mwaka 2007 na kukuta kwamba waliohamishiwa kwa wakubwa walirudia ukatili zaidi, si kidogo zaidi. Lakini Texas hiyo hiyo ina kitu cha kuazima: hukumu ndefu inayotolewa na mahakama ya watoto. Kwa makosa mazito kabisa inafika miaka 40. Kijana anaanza kwenye kituo cha vijana, anasoma, anatibiwa, na kabla hajatimiza 19 jaji anamtazama upya: aende gereza la wakubwa amalizie, au atoke chini ya uangalizi. Aliyeua hakupigwa kofi akaachiwa, na hakutupwa akiwa na miaka 15.

Kwa Tanzania hilo lingehitaji zaidi ya shule moja ya maadilisho, ile ya Irambo, Mbeya, ambayo haikujengwa kwa vifungo virefu. Lingehitaji ukomo wa siku za kusubiri mahabusu, na jaji anayelazimika kulitazama faili tena kwa tarehe iliyoandikwa. Sina hakika Bunge lina hamu ya kulipia.

Mliofika Marekani na tarehe 1 Januari ambayo si yenu, tafuteni ushahidi wa tarehe ya kweli sasa, wakati bibi aliyewazalisha bado yupo na paroko bado ana daftari. Omba marekebisho ya grini kadi kabla ya kuapa uraia. Cheti cha uraia kikishatoka, tarehe iliyomo hubadilishwa kwa taabu.