Bamchango ya Siku 7

Kazi ya kuandika mwongozo nilipewa kwa sababu ya B ya Kiswahili. Ofisini kwetu hapa Dodoma tuko vijana wanne tunaotengeneza mifumo ya kompyuta, na siku bosi alipouliza nani ataandika mwongozo wa mfumo mpya, kila mtu aliangalia viatu vyake. Mimi nikakohoa.

"Wewe si ulisema ulipata B ya Kiswahili kidato cha nne?"

"Ndiyo bosi, lakini ile B ilikuwa ya..."

"Basi. Umepita bila kupingwa."

Mfumo ulikuwa wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa zabibu, upande wa Hombolo. Mkulima analeta zabibu, karani anapima, mfumo unaandika kilo, unakata cha chama, kinachobaki kinaingia kwenye simu ya mkulima. Zabibu za Dodoma huvunwa mara 2 kwa mwaka, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Zabibu ikishakatwa haina subira, haiwezi kukaa juani inamsubiri karani atafute kitufe. Mwongozo ulitakiwa kabla ya mavuno ya Agosti: nakala 40, Kiswahili kitupu.

Nilidhani nitaandika mwenyewe tangu mwanzo. Kumbe kila mmoja wetu alishaandika kipande chake kwa wakati wake na kwa hasira zake, kazi yangu ikawa kuunganisha. Nikaunganisha. Likatoka jitu. Mmoja alihesabu sura kwa namba za Kirumi. Wa pili alikwenda 2.1.1.1.4 mpaka msomaji anahisi anashuka kisimani. Wa tatu hakuhesabu kabisa, ila vichwa vyake vyote vilikuwa kwa herufi kubwa na vimekolezwa wino kama tangazo la msiba. Picha ya skrini ya ukurasa wa malipo, ukurasa muhimu kuliko yote, ilikuwa na ujumbe wa WhatsApp kwenye kona: "Ukirudi pitia mkaa."

Hayo yalirekebishika. Maneno ndiyo yaliyonitoa jasho. Nilipompelekea karani wa chama ajaribu, alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akainua uso.

"Kaka, hapa mmesema nibonyeze. Hapa nibofye. Naanza na kipi?"

"Ni kitu kimoja hicho, dada."

"Kama ni kimoja, mbona kina majina mawili?"

Sikuwa na jibu. Kurasa tatu mbele alikuta "gonga", lililoandikwa na yule wa namba za Kirumi, na kwa macho yangu nikamwona akikunja ngumi na kugonga kioo cha kompyuta mara mbili, ngo ngo, kama mtu anayebisha hodi.

Wiki ile ile Katibu wa chama akapiga simu. Mzee yule ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu akipiga simu unasimama.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, nimekaa na kalamu nikahesabu. Mna ada, mna tozo, mna makato, mna mchango. Mkulima akileta kilo 100, anakatwa mara nne?"

Anakatwa mara moja tu. Ni kwamba waandishi wanne walikipa kitu kimoja majina manne, kila mtu la moyoni mwake. Aliyechagua "tozo" ndiye sikumwelewa kabisa. Tangu zile tozo za miamala ya simu za 2021, neno hilo ukilitamka mbele ya Watanzania watano, wanne wanashika mifuko.

"Andikeni mchango," Mwalimu akaamua. "Mkutano mkuu ulisema mchango. Kitu kimoja, jina moja."

Nakiri alikuwa sahihi, na alieleza kazi ya mwandishi wa miongozo vizuri kuliko video zote nilizoangalia. Msomaji wa riwaya akikuta neno jipya anasema mwandishi ana utajiri wa lugha. Msomaji wa mwongozo akikuta neno jipya anajua kuna kitufe kingine.

Basi usiku wa kuamkia siku ya kuchapa nikakaa na faili langu la Word, lililoitwa "Mwongozo_wa_MWISHO_kabisa_2", na ile sehemu ya kutafuta na kubadilisha. Tafuta "tozo", weka "mchango", badilisha zote. Mara 19, imekwisha. Tafuta "makato", weka "mchango". Mara 23. Nikapitia, nikaona imeandikwa "mchango zote zinakatwa", maana tozo ni ya ngeli nyingine na kompyuta haijui ngeli. Nikarekebisha kwa mkono, moja moja, "michango yote inakatwa", nikajipongeza. Kumbe pongezi zile ndizo zilizoniponza. Mtu akishapitia jambo dogo kwa makini huamini amepitia yote.

Saa 5 usiku nikafika kwenye "ada". Tafuta "ada", weka "mchango", badilisha zote.

Mara 214.

Mtu mwenye akili angejiuliza hizo ada 214 zimetoka wapi katika mwongozo wa kurasa 38. Mimi nilisema, "Duh, hawa jamaa walipenda ada." Nikahifadhi, nikafunga, nikalala.

Mtaniuliza kwa nini sikuona. Ni kwamba kompyuta yangu imewekwa Kiingereza. Kila neno la Kiswahili kwake ni kosa, analipigia mstari mwekundu, na faili lote huwa jekundu kama barabara ya vumbi. "Msaada" lina mstari mwekundu. Lililokuja mahali pake nalo lina mstari mwekundu. Nilishazoea.

Asubuhi nikapeleka flashi kwenye steshenari moja mjini. Binti wa pale akafungua, akatazama ukurasa wa kwanza, akaniangalia.

"Kaka, hii lugha gani?"

"Kiswahili cha kitaalamu," nikamjibu, macho yangu kwenye simu. Nakala 40, kurasa 38, shilingi 100 kila ukurasa: 152,000, kubaindi mbali.

Tukaondoka na gari ya bosi, tukaipita Ihumwa, upepo wa Agosti unatupa mchanga kwenye vioo. Kwenye ghala la chama wakulima walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, na mwenyekiti akatupokea kwa "Mbukwenyi!" na chai. Bosi akatoa neno fupi kuhusu weledi. Vitabu vikagawiwa. Mwalimu akavaa miwani, akasimama kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kama alivyosoma darasani miaka yake yote.

"Ndugu w..."

Akasita. Akakisogeza kitabu mbali, akakirudisha karibu.

"Ndugu wm... Wamchangou wote, karibuni."

Watu wakageuka kuangalia mlangoni. Mwenyekiti akainama kwa bosi: "Huyu ndugu Wamchangou ndiye mgeni rasmi? Mbona hatukuambiwa, tungeandaa kuku."

Nilifungua nakala yangu. Palipokuwa na "Ndugu wadau wote" paliandikwa "Ndugu wmchangou wote". Wadau. W, ada, u. Jasho likaanzia kisogoni likashuka taratibu mpaka mkandani. Nikafungua ukurasa mwingine. Nikafungua mwingine. Niliposimama kusema neno, Mwalimu alishafika sura ya pili.

"'Bamchango ya siku 7, akaunti itafungwa.'"

Kimya. Mzee mmoja mwenye kofia ya baraghashia akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti. Mimi bamdogo namjua. Bamkubwa namjua. Huyu bamchango ni nani?"

Ghala likaangua kicheko, lakini mzee hakucheka. "Nauliza kwa sababu wanasema ya siku saba na akaunti inafungwa. Ni shilingi ngapi?"

Nikasema, "Mzee wangu, hiyo si..."

"Ngoja kijana, sijamaliza. Ukurasa wa 12. Nisomee wewe mwenye macho."

Nikasoma, maana ungefanyaje. "'Mwanachama aliyesahau neno la siri atapewa msamchango na karani.'"

"Unaona! Nikisahau neno la siri, karani ananipiga msamchango!"

Karani akaruka kutoka kwenye kiti chake: "Mimi simtozi mtu hata senti! Wameniandika hawa!"

Sasa wakaanza kutafuta wenyewe. Kitabu kilisomwa siku ile kwa bidii ambayo hakuna mwongozo wa kompyuta umewahi kuipata duniani. Mama mmoja nyuma akapata "mmchangoi yote yawasilishwe kwa karani kwa maandishi" akasema hiyo lazima ndiyo kubwa kuliko zote, maana inatakiwa kwa maandishi. Mwingine akapata "bmchangola ya fedha taslimu", na yalipokuja maelezo ya kuchaji mizani kulikuwa na kitu kinaitwa "mchangopta".

"Mchango tunaujua," yule mzee wa baraghashia akahitimisha, "tuliupitisha hapa hapa kwa kunyoosha mikono. Bamchango, msamchango na hizi nyingine zimepitishwa mkutano upi?"

Nikafanya jambo la aibu. Nikasema ni kosa la kompyuta.

Mwalimu akavua miwani. "Kompyuta ilitumwa na nani?"

Bosi, bila kunigeukia, midomo haichezi, akasema polepole: "B ya Kiswahili."

Aliyeniokoa ni karani. Alikuwa ameinama na penseli tangu alipotajwa, akiandika pembeni mwa ukurasa, na ghafla akasimama. "Jamani! Kila penye mchango katikati ya neno, toa, weka ada. Ba-ada. Baada ya siku 7! Msa-ada. Ni msaada!"

Pakatulia. Halafu mama wa nyuma akapaza sauti: "Bmchangola!"

"Badala!" benchi zima likajibu.

"Mmchangoi!"

"Madai!"

Hapo kikao kilikufa kikawa kitendawili tega. Watu wazima, wenye wajukuu, wanapokezana ukurasa kwa ukurasa. Mwenyekiti mwenyewe alifumbua "dmchango wa mapokezi" na akapigiwa makofi. Neno moja tu liliwashinda wote, "metmchangota", kwenye sura ya yule wa namba za Kirumi. Wakabishana sana, mpaka nikalitoa mwenyewe: "Metadata."

"Ndiyo nini?" Mwalimu akauliza.

Nikaeleza. Nikaeleza tena kwa njia nyingine. Mwalimu akachukua kalamu, akalikata lote, na akaandika pembeni: "Liondolewe katika hali zote mbili."

Nilirudi Dodoma nikijua kazi inayonisubiri. Mtu anaweza kusema, si urudishe tu "mchango" kuwa "ada"? Ningefanya hivyo, bamchango ingekuwa baada, sawa, lakini na michango yote halali ingegeuka ada, na Mwalimu angepiga simu. Kurudi nyuma hatua moja haikuwezekana, faili lilishahifadhiwa na kufungwa, na nakala ya zamani ilikuwa "Mwongozo_wa_MWISHO_kabisa", ambayo nilikuwa nimeifuta ili nisichanganyikiwe. Msimbo wa mfumo wenyewe (nasema msimbo, maana nikisema kodi wakulima watakimbia) tunautunza kwenye Git, programu inayokumbuka kila toleo, kila badiliko lina tarehe na jina la mkosaji. Mwongozo tulikuwa tunautunza kwa kubadilisha jina la faili. Nikapitia 214 moja baada ya nyingine, usiku kucha. Karibu na alfajiri ndipo nilipokiona kile kisanduku kidogo, kiko pale pale chini ya sehemu ya kutafuta, kilikuwepo siku zote: tafuta neno zima tu. Kinahitaji kubofywa mara moja. Au kubonyezwa.

Nakala mpya zilifika kabla ya zabibu, na gharama za zile za kwanza bosi alizikata kwangu, kwa jina ambalo sitalitaja. Mavuno yakapita salama.

Mwezi Oktoba Mwalimu alinitumia kwa WhatsApp picha ya muhtasari wa kikao chao, mwandiko wake wa ubaoni, umenyooka kama rula. Alikuwa amezungushia mduara agenda ya 4:

"BAMCHANGO. Wajumbe wamekataa kwa kauli moja. MSAMCHANGO. Wajumbe wameridhia, ila utolewe kwa hiari na usizidi debe moja la zabibu kwa kijana aliyeandika kitabu."

Debe nililifuata Jumamosi.