Je, manowari ya Kiingereza Petard ilikosea kuwalipulia watu wake?

Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Mojawapo, Khedive Ismail, ilibeba watu zaidi ya 1,500, wakiwamo karibu elfu moja wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Februari 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Haikumaliza dakika tatu juu ya maji. Walikufa watu 1,297, wanawake 77 kati yao.

Ubishi unahusu kilichofuata. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zilirudi pale. Paladin ikashusha boti kuokota watu. Petard ikaisaka nyambizi, nayo ilikuwa imejibanza chini ya hao hao waliokuwa wakielea. Ikadondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji, yakawaua na baadhi ya walionusurika.

Wanaomlaumu nahodha wa Petard wana hoja: meli nne zilizobaki zilikuwa zinakimbia, na nyambizi ikiwa chini hujikongoja tu. Mbona asingoje boti zimalize kazi? Mimi hapo siwafuati. I-27 ikiwa juu ya maji ilipita kilomita 40 kwa saa. Usiku ungeingia, ingeibuka na kuwinda tena. Na haikuwa rahisi kuimaliza. Ilipolazimika kuibuka, mizinga haikuizamisha. Paladin iliisogelea ili kuigonga, ikachanwa ubavu yenyewe. Petard ikarusha topido sita zikaenda bure, ya saba ndiyo iliyoipasua.

Tena si haki kumtwika nahodha vifo vyote 1,297. Meli iliyozama upesi namna ile ilikwenda na wengi waliokuwa ndani.

Wasioponyoka lawama kwangu ni waliopanga safari. Meli tano zilizosheheni watu zilivushwa bahari yenye nyambizi zikilindwa na manowari hizo mbili tu pamoja na Hawkins, manowari kongwe iliyoshushwa majini 1917. Watetezi wao husema manowari zilikuwa adimu, zinagombewa na Atlantiki na Mediterania. Kweli, ila uhaba huo ungekuwa sababu ya kupunguza shehena ya watu kwa safari moja. Majina zaidi ya 600 ya kikosi cha 301 yako Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, na kikosi kizima kilikuwa kimepakiwa kwenye meli moja.